Maharagi ya Watu Mia na Hesabu ya Makala

Kadi ya mapishi ya jeshi la Marekani haimjui mlaji mmoja. Kila pishi limepigiwa hesabu ya watu 100: nyama, vitunguu, chumvi, ukubwa wa sinia, dakika za motoni. Manowari, kambi ya nchi kavu na kituo cha ndege, wote wanatumia kadi zilezile. Utaratibu huo unavutia. Lakini anayeusoma akiwa Goma, mji ambao umelisha Wahindi, Wauruguay, Waafrika Kusini na Watanzania wa vikosi vya Umoja wa Mataifa, anabaki na swali: moto unahesabiwa na nani?

Aliyelishika swali hilo mapema ni Alexis Soyer, mpishi Mfaransa aliyevuma London. Mwaka 1855, vita vya Krimea vikiendelea, alijitolea kwa gharama yake kwenda hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, alikokuwa muuguzi Florence Nightingale. Aliyoyakuta jikoni aliyasimulia kwa uchungu. Nyama ya kila kikundi cha wagonjwa ilikazwa kwa kamba kwenye kipande cha ubao, ikatumbukizwa pamoja na nyingine katika masufuria makubwa ya shaba. Ili isichanganyike, kila kikundi kilining'iniza alama yake: kitambaa chekundu kilichokatwa kwenye sare kuukuu, vifungo vya koti, hata mkasi wa kukatia tambi za mishumaa. Vyote vilichemka na chakula cha wagonjwa. Kwa kuwa kamba ilibana mno, nje nyama iliiva kupita kiasi na ndani ikabaki mbichi. Kisha mchuzi, ambao ndio ungempa mgonjwa nguvu, ulimwagwa.

Soyer hakudai mgao mkubwa zaidi. Alitaka kamba zilegezwe na mchuzi ubaki. Mgao uleule ukatoa supu.

Baadaye aliandika mapishi ya askari 50 na 100. Supu yake ya watu 50 inataka maji lita 34 hivi, nyama kilo 23, mboga za mgao na vijiko 10 vya mezani vya chumvi, itokote saa tatu. Maji aliyataja pia kwa idadi ya masufuria ya kambini, ili askari asiye na kipimo asikwame. Tena akabuni jiko la pipa, moto umefungiwa ndani, linalokula kuni kidogo. Jeshi la Uingereza lililitumia kwa zaidi ya miaka 100. Kwa Soyer, jiko lilikuwa sehemu ya pishi.

Wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 hawakulionja somo hilo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji chini ya Charles Tombeur yalitoka Kivu hadi Tabora, mizigo ikiwa vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza, mpagazi alipewa unga uliosagwa vibaya, akausonga jioni akiwa hoi, kuni zikiwa mbichi. Kuhara damu kuliwamaliza kwa maelfu. Je, ni wangapi waliouawa na unga, na wangapi na moto usiotosha?

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, na maharagi yaliyokauka yanachelewa kuiva kuliko Mombasa au Matadi. Mgao wa kawaida wa msaada, wa kilokalori 2,100 kwa siku, huwa na takriban gramu 400 za nafaka na gramu 60 za maharagi au jamii yake. Gramu hizo 60 zinamdai mama mbabula iwake saa kadhaa. Mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi Mugunga, Kibumba na Katale, kuni zilitoka hifadhi ya Virunga, na mwaka huohuo UNESCO ikaiweka hifadhi hiyo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mpaka leo sehemu ya makala ya mji inatoka humo.

Kuroweka maharagi usiku kucha na kufunika sufuria kunasaidia, na akina mama wa Goma wanalijua hilo bila kufundishwa. Mashirika yanayogawa chakula nayo yatimize sehemu yao: kila gunia la maharagi liandikiwe makala yake kwenye karatasi ya mgao, kama chumvi na mafuta yanavyoandikwa. Makala yakikosekana, familia zipewe unga wa maharagi yaliyokwisha kupikwa.