Meya asiyepigiwa kura na mji

Isaya Mwita, diwani wa Vijibweni huko Kigamboni, alichaguliwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam Machi 2016, baada ya uchaguzi huo kuahirishwa mara kadhaa. Alikuwa mwana Chadema, na ushindi wake uliletwa na wingi wa madiwani na wabunge wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Januari 2020 aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani, huku mwenyewe akidai theluthi mbili iliyotakiwa na sheria haikutimia. Februari 2021 halmashauri ya jiji yenyewe ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Wapo wanaouliza alitufanyia nini. Naona kwanza tuulize alikuwa na uwezo wa kufanya nini. Watendaji waliongozwa na mkurugenzi, ambaye ni mteule wa Rais. Mkuu wa mkoa naye ni mteule wa Rais. Kodi ya majengo, chanzo kikubwa cha mapato ya miji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka uleule wa 2016. Meya alibaki na kiti cha kuongozea vikao, na hata hicho alipewa na wajumbe wenzake, si na wakazi.

Wanaotetea uamuzi wa 2021 wana hoja isiyopaswa kubezwa. Halmashauri ya jiji haikuwa na eneo lake. Ilikaa juu ya manispaa tano zilizokuwa na madiwani na wakurugenzi wao, na gharama zikajirudia. Ni kweli. Lakini mafuriko ya Mto Msimbazi, taka na daladala havijui mpaka wa Ilala na Kinondoni. Chombo cha kuyashughulikia mambo hayo kwa pamoja kilihitaji kupewa meno. Wala 2021 haikuwa mara ya kwanza kuivunja: mwaka 1996 halmashauri ya jiji ilivunjwa na mahali pake ikawekwa Tume chini ya Charles Keenja, iliyokaa hadi 2000. Tume hiyo ilisifiwa kwa usafi wa mji, na Keenja baadaye akawa mbunge wa Ubungo na waziri. Sifa hizo anazistahili, ila tume haikuwa na mpiga kura wa kuiuliza kitu.

Pingamizi zito zaidi kwa wazo la wakazi kumchagua kiongozi wa jiji wenyewe linatoka Nairobi. Mike Sonko alichaguliwa gavana na wananchi wenyewe mwaka 2017, akakabidhi baadhi ya majukumu ya kaunti kwa serikali kuu Februari 2020, na Desemba mwaka huo akang'olewa. Basi kura ya moja kwa moja haihakikishi uongozi bora, na sidai kwamba inahakikisha. Tofauti ni kwamba tuhuma dhidi yake zilisikilizwa hadharani katika Seneti, na ofisi ya gavana ikabaki. Agosti 2022 wakazi wakamchagua Johnson Sakaja. Dar es Salaam, Mwita alipoondoka, mkazi wa Mbagala hakuwa na karatasi ya kura ya kusema amependa au amekataa.