Eti karogwa? Virusi vya kale viko hata ndani yako

Uko stejini Garsen, unangoja basi la Malindi. Kijana wa rika lako anapita akibishana na mtu ambaye wewe humuoni. Mama aliye kando yako ananong'ona: "Karogwa huyo." Mwingine anasema ni bangi. Wa tatu anamaliza: "Ni ya kwao hiyo, hata mjomba wake alikuwa hivyo."

Huyo wa tatu amekaribia, ila nusu tu.

Skizofrenia hurithiwa kwa kiasi, lakini hakuna jeni moja ya wazimu. Ni tofauti ndogo ndogo nyingi kwenye DNA, kila moja ikisukuma kidogo. Na baadhi, amini usiamini, zinagusa mabaki ya virusi. Mamilioni ya miaka iliyopita virusi viliwaingia mababu zetu, vikajipachika kwenye DNA yao, tukavirithi. Karibu asilimia 8 ya DNA yako ni mabaki hayo. Yako, ya kijana huyo, na ya mama mnong'onaji pia. Usiogope, hayaambukizi mtu.

Mwaka 2024, watafiti wa King's College London walilinganisha takwimu za jeni za maelfu ya watu na sampuli za ubongo za marehemu karibu 800. Waliona tofauti za kijeni zinazobadilisha jinsi vipande vichache vya virusi hivyo vinavyofanya kazi kwenye ubongo, na zinazohusiana na hatari ya skizofrenia. Hatari tu, si hukumu. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mara nyingi mwenzake haugui. Na yule wa bangi hakukosea kabisa: kuivuta sana, hasa ukianza mapema, huongeza hatari.

Shida ni kwamba DNA nyingi kwenye tafiti hizi ni za watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana mradi wa NeuroGAP-Psychosis ulikusanya mate ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na hapa Kenya, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi, kaunti jirani. Sindano hamna, mate tu.

Kutibiwa hakuhitaji kipimo cha DNA. Ndugu yako akianza kusikia sauti, kujitenga na kushuku kila mtu, mpeleke hospitali mapema, dawa zipo. Waeleze ilianza lini, analala vipi, anatumia nini. Bangi usiifiche. Daktari si polisi.