Arosto imeisha, sasa hatari ndiyo inaanza

Barua za wasomaji kuhusu heroini zinafanana sana. Mzazi anaeleza kwamba kijana wake amefungiwa chumbani wiki mbili, ametapika, ameharisha, ametukana ukoo mzima, na sasa anakula vizuri na mashavu yamerudi. Je, amepona? Wengine hawaulizi hata hilo. Wameshampata mtu mwenye dawa ya "kusafisha damu" kwa siku saba, na wanachotaka kujua ni kama bei ni ya haki.

Kijana hajapona. Na damu haina haja ya kusafishwa na mtu yeyote: mwili huigeuza heroini kuwa mofini, kisha figo huitoa kwenye mkojo ndani ya siku chache, bila mizizi, bila chupa ya mafuta, bila malipo. Huyo bwana wa siku saba anauza kazi ambayo figo za mteja wake zilishaimaliza, halafu anachukua sifa. Ni biashara nzuri, maana arosto, yale mateso ya kukosa dawa, nayo huisha yenyewe ndani ya wiki moja au siku kumi, hata ukimnywesha mtu maji ya bomba.

Kilichoharibika kipo kwenye ubongo. Katika shina la ubongo kuna fundo dogo la chembe za neva, wataalamu huliita lokasi seruleasi, ambalo hutengeneza noradrenalini. Hiyo ndiyo kemikali inayokuamsha, inayokushtua, inayoufanya moyo ukimbie ukisikia hatua nyuma yako usiku. Chembe hizo zimejaa vipokezi vya afyuni, na heroini ikikaa juu yake huzikandamiza. Lakini chembe hazikubali kukandamizwa hivihivi. Wiki hadi wiki huongeza vimeng'enya vyake vya ndani mpaka ziweze kufanya kazi ya kawaida huku heroini ikiwa imezikalia. Ndiyo maana kete iliyomlevya mtu Januari haimtoshi Machi, na ndiyo maana mraibu wa miaka mingi havuti tena ili alewe. Anavuta ili aweze kuoga, kula na kujibu salamu.

Sasa iondoe heroini ghafla. Ni sawa na watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja akaachia: aliyebaki anaingia ndani na mlango wake. Noradrenalini inafurika. Moyo unadunda, jasho linatoka, vinyweleo vinasimama, mboni zinatanuka, machozi na kamasi vinachuruzika, miayo haikatiki. Utumbo, ambao una vipokezi vilevile na ulikuwa umefunga kwa miezi, unafunguka wote kwa mkupuo. Hayo huanza saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Ni mateso makali, ila ni nadra kumuua mtu mwenye afya ambaye anapata maji ya kutosha. (Arosto ya pombe ndiyo inayoweza kuua kwa degedege. Mlevi wa miaka asifungiwe chumbani, akimbizwe hospitali.)

Ndugu huona arosto ndiyo ugonjwa wenyewe, kwa hiyo ikiisha wanachinja kuku. Kilichoisha ni ustahimilivu, yaani ule uzoefu wa mwili kwa dawa. Zile chembe zimerudi kwenye kiwango cha zamani, na pamoja nazo sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Hamu haijarudi kokote. Ipo palepale, inasubiri harufu ya maskani, sauti ya rafiki wa zamani, au mshahara wa kwanza mkononi. Kijana akianguka, anavuta au anajidunga kiasi alichokizoea, kwa mwili usiokizoea tena. Anaacha kupumua.

Mwaka 2003 John Strang na wenzake wa London walichapisha ufuatiliaji wa wagonjwa 137 waliolazwa ili waondolewe heroini mwilini. Watatu walikufa kwa kuzidisha dozi ndani ya miezi minne. Wote watatu walitoka katika kundi la wagonjwa 37 waliofaulu, yaani waliomaliza tiba na kutoka wakiwa safi kabisa. Walioacha njiani au kushindwa, hakuna aliyekufa kwa kuzidisha. Mwaka 2007 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, waliangalia wafungwa waliotoka gerezani: katika wiki mbili za kwanza uraiani, uwezekano wao wa kufa kwa kuzidisha dawa ulikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Sasa ifikirie tena ahadi ya yule wa siku saba.

Tiba yenye ushahidi inaufanya ule mlango usiachiwe ghafla. Methadoni inakalia vipokezi vilevile, lakini inapanda taratibu, inakaa zaidi ya siku nzima, na dozi ikitosha inaiachia heroini nafasi ndogo. Vincent Dole na Marie Nyswander waliitangaza New York mwaka 1965. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, na leo iko Zanzibar, mikoa mingine ya Bara, na Kenya kuanzia Nairobi hadi Pwani. Katika kliniki za umma Tanzania ni bure.

"Si unga wa serikali huo?" Nimeulizwa hili na watu wenye shahada. Nendeni mkasimame dirishani asubuhi. Mgonjwa anatajwa jina, anapimiwa dozi yake ya maji kwenye kikombe, anameza mbele ya mfamasia, anashushia maji, anaambiwa aseme neno ili ionekane mdomo ni mtupu. Kisha anaondoka, hajalewa, anawahi kibarua. Uchambuzi uliotoka mwaka 2017 ukijumlisha tafiti za nchi nyingi ulikuta vifo kama 11 kwa mwaka katika kila watu 1,000 wakiwa kwenye methadoni, na 36 wakishaiacha. Na kwamba inaozesha mifupa? Haiozeshi. Mifupa inayouma asubuhi mara nyingi ni dozi iliyo ndogo. Meno ni kweli yanahitaji uangalizi, kwa sababu dawa hukausha mate.

Kuna jambo moja linawaponza wengi huku kwetu. Mgonjwa ametulia miezi, anagundulika ana kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Siku kadhaa baadaye hapati usingizi, anatoka jasho, anaharisha. Nyumbani wanasema amerudia unga. Kumbe rifampisini imelichochea ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, navyo vinaichoma methadoni kabla siku haijaisha. Ni arosto halisi ndani ya mtu aliyekunywa dozi yake yote. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU, kama efavirenzi na nevirapini, hufanya hivyohivyo. Dawa ni kuongeza dozi, na kuishusha tena pole pole tiba ya kifua kikuu ikiisha. Ila daktari wa kifua na wa methadoni lazima wajuane, na mara nyingi anayeweza kuwaunganisha ni mgonjwa mwenyewe.

Mengine kwa haraka. Nyumba ya upataji nafuu inayofunga watu minyororo au kuwachapa, mtoe mtu wako leo. Dua endeleeni, hazigongani na methadoni. Aliyezidisha hukoroma, haamki, midomo inabadilika rangi: msaidie kupumua mdomo kwa mdomo na mkimbize hospitali, ambako naloksoni itaibandua heroini kwenye kipokezi. Abaki huko, kwani naloksoni huisha nguvu mapema. Maziwa, ndoo ya maji na sindano ya maji ya chumvi ni kupoteza dakika. Wiki za kwanza dozi ya methadoni hutolewa ndogo kwa makusudi, kwa kuwa hujilimbikiza mwilini. Asijazie na kete, pombe wala vidonge vya usingizi. Na aliyekosa siku tatu au zaidi asidai dirishani kiwango chake cha zamani. Watampima upya na kumpunguzia, na mfamasia anayekataa kumpa dozi ya wiki iliyopita anafanya kazi yake.