Usikariri Neno, Litungie Sentensi

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za Kiswahili tulianza Kiingereza kwa daftari lililokunjwa katikati: kushoto neno la Kiingereza, kulia maana yake. "Refuse" ni kukataa. "Borrow" ni kuazima. Unakariri, unafanya jaribio, unapata 10 kwa 10. Shida inakuja siku unapotakiwa kulitumia lile neno.

Chukua hilo "kukataa". Kwa Kiswahili mtu anakataa kulipa, na akishikwa anakataa kwamba ameiba. Neno ni lile lile. Kiingereza kimegawa kazi. "Refuse" ni kukataa kufanya au kupokea kitu: He refused to pay. "Deny" ni kukana jambo: He denied stealing the money. Kuazima ndiyo kabisa, maana anayetoa anaazima na anayepokea naye anaazima. Ndiyo sababu darasani utasikia "Borrow me your pen". Mtoto wa watu kakariri vizuri tu, ila daftari halikumwambia nani anatoa na nani anapokea. Sentensi mbili zinamaliza ubishi: I borrowed a pen from Asha. Asha lent me a pen.

Kwenye mtihani jambo hili linauma zaidi. Swali la Historia likianza na "Account for", linataka sababu. Mwanafunzi anayejua "account" ya benki tu anaweza kuandika matokeo kurasa mbili na asipate kitu, wakati sababu zote anazo kichwani. Huyo hajafeli Historia, kafelishwa na neno moja.

Dawa yake ni ya siku nyingi. Mwingereza A. S. Hornby alikwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Mwaka 1942 yeye na wenzake wakatoa kamusi ya wanaojifunza lugha hiyo, na haikuishia kwenye maana: ilionyesha pia neno linavyokaa ndani ya sentensi. Mwaka 1948 Oxford ikaichapisha upya, na kutoka hapo ndipo ilipokuja ile Oxford Advanced Learner's Dictionary tunayoijua. Kwa hiyo ukifungua kamusi, usisome maana ya kwanza ukafunga. Mifano iliyo chini yake ndiyo somo lenyewe.

Mimi nashauri hatua nne. Kwanza, andika neno na aina yake: nomino, kitenzi au kivumishi. Pili, soma maana zake zote, uchague inayohusika. Tatu, nakili mfano mmoja wa kamusi na uangalie neno limeandamana na nani. Nne, tunga sentensi yako kuhusu kitu unachokifahamu. Kesho yake lifunike neno, soma sentensi, ujaze pengo. Maneno matano kwa siku yanatosha.

Hiyo hatua ya nne ndiyo yenye utamu. Kwetu Mafinga, mji wa mbao, mifano iko mlangoni. Mtoto anajua "nursery" ni chekechea, lakini kwenye shamba la miti la Sao Hill ni kitalu cha miche: The seedlings are still in the nursery. Anajua "saw" ni aliona, kumbe ni msumeno na ni kupasua mbao pia: They saw the logs into planks. "Plant" ni mmea, ni kupanda, na ni kiwanda. Halafu mbao zenyewe: "plank" inahesabika, ten planks, "timber" kwa maana ya mbao za kujengea haihesabiki, much timber. Mtoto aliyekulia karibu na mashine ya kupasulia mbao hatasahau sentensi hizo, kwa sababu anaviona vitu vyake kila siku.

Na sisi wanachuo tujikague. "Boom" limechelewa, fulani "kadisco", tunaelewana vizuri sana hapa kampasi. Lakini mwambie mgeni "I am waiting for boom", atatega masikio asubiri mlio! Kwenye barua ya ofisini andika: My loan allowance has not been paid. Na yule aliyedisco: He was discontinued from his studies. Lugha ya kampasi ina raha yake, ila ijue mipaka yake.

Mwalimu mtarajiwa mwenzangu, ukienda kwenye mazoezi ya kufundisha utakutana na kidato cha kwanza waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Neno utakalowapa na maana moja tu watalibeba hivyo hivyo hadi chumba cha mtihani wa kidato cha nne. Basi anza leo: "deny", "lend", "account for". Zitungie sentensi kuhusu kwenu, umsomee mwenzako wa chumbani. Akielewa bila kuuliza, hilo neno ni lako.