Mwombaji Akitunyoshea Mkono, Tufanyeje?

Ukienda mjini kuuza viazi au maharage, utakutana na watu wanaoomba. Wapo Mwanjelwa jijini Mbeya. Wapo karibu na Soko Kuu la Iringa. Wengine ni wazee, wengine hawaoni, wengine ni watoto. Mara nyingine huja mtu mwenye begi, anasema amepungukiwa nauli. Sasa tufanyeje? Wako wanaotoa ili waachwe tu. Wako wanaotukana. Sisi tunasema, kwanza tumtazame anayeomba ni nani.

Kama ni mzee au mlemavu, tuanze na salamu. Shikamoo haina gharama. Ukiwa na kitu, mpe mkononi, usimtupie. Ukiwa huna, sema, "Samahani mzee, leo sijajaliwa." Basi, inatosha. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini pesa ya mbolea au ya madaftari ya watoto usiigawe kwa kuona haya.

Kama ni msafiri anayetaka nauli, usifungue pochi mbele ya watu. Ukiweza kumsaidia, nenda naye mpaka kwenye gari, umlipie kwa kondakta. Mwenye shida kweli atashukuru. Mjanja ataaga mapema.

Kama ni mtoto, hapo tuwe waangalifu zaidi. Sarafu unayompa kwa huruma inaweza kumweka barabarani. Akipata leo, kesho atarudi, na shule ataiacha. Kama yupo mtu mzima aliyemtuma, naye ataona kazi hiyo inalipa. Tangu mwaka 2016 shule za serikali, kuanzia msingi hadi kidato cha nne, hazitozi ada. Mahali pa mtoto ni darasani. Je, tumwache na njaa? Hapana. Mnunulie chakula, ale hapo hapo. Muulize kwa upole anatoka wapi. Kisha toa habari kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto. Haina malipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Kwa hiyo kufanya hivyo siyo umbeya, ni wajibu.

Sarafu humaliza njaa ya siku moja. Kazi huendelea kulisha. Iringa mfano upo. Mwaka 2003 kituo cha Neema Crafts, cha Kanisa la Anglikana, kilianza na vijana viziwi wachache. Walitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo! Baadaye walemavu wengi zaidi walipata kazi pale, wakafuma, wakashona, wakahudumia wateja mgahawani. Nazo halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Unamjua mlemavu anayeweza kushona viatu au kufuga kuku? Mpeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akaelezwe utaratibu.

Jambo la mwisho. Mwombaji wa mjini mara nyingi anacho kijiji alikotoka. Pengine ni bibi aliyekosa wa kumlimia, au yatima aliyekosa wa kumwuliza amekula nini. Tukiwatunza hapa kijijini, hawatakuwa na sababu ya kwenda kunyosha mkono sokoni.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
1. Kwa nini tusimpe mtoto pesa barabarani?
2. Je, kijijini kwetu yupo nani asiye na msaada? Tumsaidieje kabla hajaondoka?