Torii ya Chuga

Septemba 2025, Alphonce Simbu alipokomaa na Mjerumani Amanal Petros mpaka kwenye utepe wa marathoni ya mashindano ya dunia pale Tokyo, machalii wa Chuga tulidata. Wote saa 2:09:48, ila dhahabu ikaja Bongo kwa sekunde 0.03. Bingwa wetu wa kwanza wa dunia kwenye riadha, na tizi anapigia hukuhuku Arusha!

Mimi jicho likahamia jirani ya uwanja walikomalizia. Si mbali na hapo kuna Meiji Jingu, hekalu la Kishinto la mwaka 1920, la kumuenzi Mfalme Meiji na mkewe. Kuingia bure. Yaani unatia timu na bi mkubwa, mshua na madogo wote, na mfuko hautoboki.

Kwenye geti la magogo, torii, unainama kidogo, unapita pembeni. Katikati ni njia ya mungu wao, usijichanganye. Mbele kuna maji na kata: unanawa mkono wa kushoto, wa kulia, unasukutua. Halafu sarafu, unainama mara mbili, makofi mawili, unainama tena. Imeisha hiyo! Hakuna spika ya kupasua masikio.

Novemba 15 ndo siku ya madogo. Wa miaka 3, 5 na 7 wanavalishwa kimono, wanaombewa afya, wanapewa pipi ndefu nyembamba, chitose-ame, ndani ya mfuko wenye picha za korongo na kobe. Urefu wa pipi ni urefu wa maisha anayoombewa dogo.

Ila kilichonimaliza ni msitu. Ile miti haikuota yenyewe: watu wa Japani nzima walichanga miti kama 100,000, ikapandwa. Leo uko katikati ya Tokyo, mzito kinoma, na hakuna mjanja wa kukata kuni.

Sasa geukia kwetu. Kukiwa kweupe, ukisimama Sakina, Meru huyo hapo, zaidi ya mita 4,500. Fuji wao ana 3,776 tu. Waarusha na Wamasai wana oreteti, mtini wa kuombea. Na kwenye hifadhi ya Arusha, njia ya kupandia Meru kutoka geti la Momella, kuna mtini wenye upenyo mpana, gari linapita katikati. Hiyo ndo torii yetu, haijachongwa na fundi yeyote. Machalii wakifika pale ni honi na muziki mnene, wanatupia status, wanasepa. Wanazingua.

Sisemi tuhamie Ushinto, ibada ya Jumapili iko palepale. Nimewatangazia home tu: Novemba tunaenda Momella na madogo, muziki unazimwa, kwenye mtini tunashuka tunapita kwa miguu. Mshua kakubali. Bi mkubwa kauliza, "Na nyama tunachomea wapi?"

Usa River mama, wakati wa kurudi.