Malakite si ya kilo tu

Sisi wa Kolwezi na Likasi tunazoea: jiwe la kijani likifika kwa negosian linapanda mizani, linalipwa kwa kilo na kwa shaba iliyomo. Lakini kuna watu ng'ambo wanaokusanya mawe sawa vile wengine wanakusanya timbri. Hao hawayeyushi kitu. Kila mwaka wanakutana Tucson, kule Marekani, na Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa. Wanalipia uzuri, na jina la mahali jiwe lilipotoka.

Juzi tulikaa na fundi anayechonga mayai ya malakite. Alikata, akasugua kwa msasa, akimwaga maji kila mara, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Mnunuzi akamupa bei ya jiwe tu. «Na kazi ya mikono yangu njo iko wapi mu hii bei?» Mnunuzi akanyamaza.

Mwenye haki anauliza nani alichonga na alilipwa makuta ngapi. Na sisi, tukipata jiwe lenye fuwele nzima, tusilitupe mu mufuko wa minerai. Tulifunge na gazeti, tuandike jina la shimo, ndipo tuongee bei.